Uzi: Familia kwenye yoti kati ya visiwa vya mbali vya tropiki (kufika, nanga, watoto, maji, samaki)

Bildi
Wakuu, uzi huu ni wa wazazi wanaopanga kusafiri na watoto kwa yoti kutoka kisiwa hadi kisiwa, mahali ambapo fundi hapatikani na hospitali iko siku kadhaa za kutweka. Ili tuongee kwa hesabu moja, tuchukue chombo cha mita 12 chenye mkuku unaoshuka mita 1.8, injini ya dizeli, wazazi wawili na watoto wawili.

Naanza na kufika, kwa sababu ndiko kunakopangwa vibaya. Bahari kuu yenye kina cha mita 4,000 inachosha, lakini chombo kilichotunzwa kinaivuka. Mwamba wa atoli (kisiwa cha matumbawe chenye umbo la pete) haukupi nafasi ya kusahihisha kosa. Nje ya ukingo kina ni mamia ya mita, kisha ghafla ni nusu mita, na wimbi lililosafiri bahari nzima linavunjikia hapohapo. Atoli haina mlima. Ukiwa sitahani, minazi huioni mpaka uwe ndani ya maili 10 hivi za baharini, na upande wa joshi (unakotoka upepo) mara nyingi hauna hata mnazi, ni mwamba mtupu ambao rada huukosa.

Kwa hiyo safari ihesabiwe kuanzia mwisho. Umbali maili 240, wastani noti 5 (maili za baharini kwa saa), ni muda wa saa 48. Ukitaka kuwa mlangoni (pengo la mwamba la kuingilia atolini) saa 5 asubuhi, ng'oa nanga saa 5 asubuhi siku mbili kabla. Upepo ukikupa noti 6 utafika saa 9 usiku. Ukipata noti 4.5 utafika saa 10 jioni, jua limeshainama. Anayekwenda mbio apunguze tanga tangu siku ya kwanza, asingoje maili 20 za mwisho. Aliyechelewa asiingie. Abaki nje upande wa demani (unakoelekea upepo) wa kisiwa, maili 10 au zaidi, tanga la mbele limevutwa upande wa upepo na usukani umefungwa kinyume chake, ili chombo kikielea kiende mbali na mwamba. Watoto watalalamika kwamba nchi kavu inaonekana. Waelezeni mapema, kabla ya kung'oa nanga, kwamba usiku mmoja wa kungoja ni sehemu ya safari.

TangaMoja
Shukrani mkuu. Ila ramani za kielektroniki siku hizi zinaonyesha mlango vizuri, na chombo kinaonekana juu ya ramani hiyohiyo. Kwa nini jua liwe lazima? Na pili, si unaingia tu maji yakijaa?

Bildi
Mstari wa ramani kwenye skrini hauna usahihi zaidi ya upimaji uliouzaa. GPS inakupa mahali ulipo kwa kipimo cha WGS84 (mfumo wa ramani wa dunia nzima). Visiwa vingi vya mbali vilipimwa kwa nyota na bildi (risasi ya kupimia kina), vingine katika karne ya 19, kisha ramani ikahamishiwa kwenye kompyuta. Kisiwa kizima kinaweza kuwa kimesogea mamia ya mita. Ndani ya wangwa wa atoli (maji yaliyozungukwa na mwamba) ni zaidi ya hapo: njia moja ya meli imepimwa, kwingine ni karatasi tupu, na papo hapo ndipo vichwa vya matumbawe vinaposimama kutoka mita 25 hadi karibu na uso wa maji.

Picha za satelaiti zilizohifadhiwa kwenye tableti kabla ya safari zinasaidia sana. Hakikisha zinafunguka bila intaneti, na kumbuka kivuli cha wingu kwenye picha kinafanana na tumbawe. Lakini mwisho wake ni macho. Mtu mmoja apande kwenye mlingoti hadi mkono wa kwanza (boriti ya kukingama), akiwa na miwani ya polaroidi na amefungwa mkanda. Buluu nzito ni kina. Kijani cha feruzi ni mchanga wa mita 3 hadi 5. Njano iliyofifia, usipite. Kahawia ni tumbawe, na kahawia hiyo haikuambii kama ni mita 3 au sentimita 50, kwa hiyo izunguke. Jua liwe juu na nyuma yako, kwa kawaida kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Ukiingia ukielekea mashariki, ngoja lipite utosi, yaani saa 7 mpaka saa 9 mchana. Mwendo ndani ya wangwa usizidi noti 3. Wingu likifunika jua, simama hapo ulipo hadi lipite. Njia uliyoingilia ihifadhi kwenye GPS, ndiyo utakayotokea.

Swali la pili namwachia MlangoWaKusi.

MlangoWaKusi
Hapana, "maji yakijaa" si kipimo cha kutosha. Jedwali la maji kujaa na kupwa linahusu bahari ya nje. Wangwa mkubwa wenye mlango mmoja unachelewa: nje maji yameshaanza kupwa na ndani bado yanaingia. Halafu kuna mawimbi. Mawimbi makubwa ya kusi yanamwaga maji juu ya mwamba mchana na usiku, na maji hayo yote hayana pa kutokea ila mlangoni. Wakati huo mlango unaweza kutoa maji karibu siku nzima bila kujali jedwali. Katika visiwa vya Tuamotu (atoli za Polinesia ya Ufaransa) mkondo wa noti 6 mlangoni ni jambo la kawaida, na chombo chetu cha mfano kina noti 6 kwa injini. Maana yake kitasimama palepale huku kikiunguza mafuta.

Utazame mlango kutoka nje, nusu maili, kwa darubini. Ulimi laini wa maji unaotoka, mwisho wake mawimbi mafupi yaliyosimama wima, ni mkondo unaotoka ukipingana na upepo au wimbi. Usiingie hapo. Upana wa mlango haukulindi: Garuae wa Fakarava ndio mlango mpana kuliko yote katika Polinesia ya Ufaransa, na bado maji yanayotoka yakikutana na upepo husimamisha mawimbi ya hatari.

Wakati mzuri ni maji yanapotulia, au yakiwa na noti 1 hadi 2 dhidi yako. Wengi hupenda mkondo wa kusukuma kutoka nyuma. Ni kosa: usukani unafanya kazi kwa maji yanayoupita, na ukisukumwa kasi yako juu ya ardhi inazidi kasi yako majini, hivyo ukiipunguza usukani unakosa nguvu. Mkondo mdogo usoni unakupa usukani na muda wa kughairi.

Kabla ya mlango: injini iwe imewaka dakika 20, maji ya kupoza yanatoka kwenye bomba la tezi (nyuma ya chombo), nanga imefunguliwa na iko tayari, tanga kuu liko juu ili injini ikizima usiwe bila nguvu. Mashua ndogo ya mpira iwe sitahani. Ikivutwa nyuma mlangoni hugeuka, na kamba yake hujizungusha kwenye propela. Madirisha yote yafungwe. Watoto waketi eneo la usukani, maboya mwilini, na kimya.

Amari
Mkishaingia, kazi ya pili ni nanga. Hesabu ya mnyororo inaanzia kwenye omo (mbele ya chombo), haianzii kwenye uso wa maji. Kina mita 8, kimo cha omo mita 1.2, maji yataongezeka mita 0.8: jumla mita 10. Mara 5 ni mita 50 za hali nzuri, mara 7 ni mita 70 za upepo. Kwa hiyo beba mita 80 za mnyororo wa milimita 10. Mita moja ina kilo 2.3 hivi, mzigo wote unakaribia kilo 185, na ndiyo maana mwisho wa mnyororo ufungwe kwa kamba inayofika sitahani, ili siku ya dharura uikate kwa kisu na kuondoka.

Tafuta mchanga. Teremsha nanga iguse chini, acha upepo usogeze chombo, toa mnyororo taratibu usirundikane. Ukishatoa wote, rudi nyuma kwa injini polepole, ukipandisha hadi mizunguko 2,000 kwa dakika moja nzima, huku unatazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana. Visipoachana, nanga imeshika. Kisha vaa miwani ya kuzamia ukaione kwa macho. Funga kamba ya nailoni ya milimita 14, urefu mita 8 hadi 10, kwenye mnyororo, ili mvuto uwe kwenye kamba inayonyumbuka na winchi ipumzike.

TangaMoja
Na pale ambapo mchanga ni viraka kati ya matumbawe? Mita 70 za mnyororo zitazunguka kila kichwa.

Amari
Zitazunguka kweli. Upepo ukigeuka usiku, mnyororo unajifunga kwenye kichwa cha tumbawe na mita zako 70 zinabaki 12, zimesimama wima. Wimbi likiinua omo hakuna kinachonyumbuka: roli ya omo inapinda, winchi inang'oka au kiungo kinakatika. Na tumbawe lililokua kwa miongo linasagwa kwa usiku mmoja.

Dawa ni kuuelesha mnyororo kwa maboya. Dondosha nanga katikati ya kiraka cha mchanga, acha mita 15 hadi 20 za kwanza zilale chini na uishikishe nanga. Kisha, kila mita 8, funga boya gumu kwa kamba fupi na klipu kwenye kiungo. Mita 8 za mnyororo zikiwa majini zina uzito wa kilo 16 hivi, kwa hiyo boya liwe na uwezo wa kubeba karibu na hapo. Likiwa dogo litazama na mnyororo utagusa matumbawe. Likiwa kubwa mno mnyororo utakuja juu na propela ya mashua ndogo itaukuta. Kukiwa shwari mnyororo uning'inie mita 2 juu ya vichwa. Upepo ukiongezeka maboya huvutwa chini na kufanya kazi kama springi. Maboya mawili au matatu yanatosha, la mwisho lisikae karibu na omo.

Jambo moja zaidi, na nalisema kwa uzito: angalia kilicho nyuma ya tezi endapo upepo utageuka nyuzi 180. Ukilala nyuma ya kisiwa kidogo cha mashariki kwa pepo za kawaida, dhoruba ya radi kutoka magharibi inakufanya uwe na mwamba mgongoni na maili 10 au 20 za wangwa wazi mbele, mawimbi yakipanda mita nzima. Ukiona utabiri wa mgeuko huo, vuka mchana kwenda upande wa pili. Usiku hutahama, maana huoni matumbawe.

Bi_Mtepe
Niongeze kuhusu watoto, kwa kuwa hadi sasa wamewekwa eneo la usukani tu.

Wavu kwenye waya za ukingo, kutoka omo hadi tezi, matundu yasizidi sentimita 5, umefungwa kila sentimita 10 juu na chini. Jua la tropiki hula nyuzi zake. Uvute kwa nguvu zote kila mwezi, ukikatika mkononi ulikuwa pambo. Boya la mwilini la mtoto mdogo liwe la sponji lenye kola inayogeuza uso juu, na mkanda wa kati ya miguu. Bila mkanda huo mtoto huteleza na kutoka chini, boya likabaki likielea. Mjaribuni majini mkiwa nangani, akiwa na nguo zake za kawaida.

Sheria ziwe chache na zisiwe na siku ya kupumzika. Chombo kikiwa safarini hakuna mtoto anayetoka eneo la usukani bila mtu mzima kusema ndiyo, na bila kamba ya usalama kuwa imeshafungwa kwenye kitako cha chuma. Usiku hatoki kabisa. Na wazazi hivyohivyo: aliye zamu haendi omo bila kumwamsha mwenzake. Usiku, zamu zenye urefu wa saa 3 kila moja zinafaa kwa wawili. Mchana watoto wanahitaji mtu aliye macho kweli, kwa hiyo aliyelala usiku kidogo alale baada ya chakula cha mchana bila kujisikia vibaya. Uchovu ndio unaozaa makosa ya mlangoni.

Fikirieni hili: mzazi mmoja akianguka baharini, amebaki mtu mzima mmoja. Mtoto wa miaka 7 anaweza kujifunza mambo matatu: kubonyeza kitufe cha kuweka alama ya mahali kwenye GPS, kutupa boya la duara, na kumnyooshea kidole aliye majini bila kuondoa macho hata akiitwa. Wa miaka 9 au 10 aongeze redio: kufunua kifuniko chekundu cha VHF (redio ya chombo), kubonyeza kitufe cha dharura hadi kilie, kisha kusema Mayday (wito wa kuomba msaada) kwenye chaneli 16, jina la chombo na namba za mahali. Bandikeni maneno hayo ukutani kwa herufi kubwa. EPIRB (kifaa kinachotuma ishara ya dharura kupitia satelaiti) iandikishwe kwa jina la chombo mnachosafiri nacho. Iliyonunuliwa mkononi na bado ina jina la mmiliki wa zamani huwapeleka waokoaji kwa mtu asiye sahihi. Tazameni pia tarehe ya betri.

Dawa, kwa ufupi. Mtoto anayetapika: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kwa funda ndogondogo. Mkwaruzo wa tumbawe usugue kwa sabuni na maji safi hadi chembe zitoke, hata akilia, kisha asiingie baharini hadi ufunge. Akikanyaga samaki-jiwe, mguu uingie kwenye maji moto yasiyozidi nyuzi 45 kwa dakika 30 hadi 90. Mtu mzima ayapime kwanza kwa kiwiko chake mwenyewe, mguu uliochomwa hauwezi kupima joto, kisha piga simu ya satelaiti kwa daktari.

Fundi_Ngama
Maji. Watu wanne, lita 3 za kunywa kila mmoja ni 12, kupikia 4, suuza na usafi mdogo 6: lita 22 kwa siku ikiwa vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari. Tangi la lita 400 ni siku 18. Yagawe kwenye matangi mawili yenye valvu tofauti, na lita 60 katika madumu yaliyofungwa, maana bomba moja likipasuka pampu inamwaga yote kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo) mkiwa mmelala.

Mashine ya kuchuja chumvi inasukuma maji ya bahari kwenye utando kwa shinikizo la baa 55 hivi. Huharibika kwa mambo matatu. Klorini: maji ya bombani yaliyotiwa dawa yakitumika kuisafisha bila kupita kwenye chujio la kaboni, utando umekufa. Mafuta: usiiwashe bandarini wala karibu na chombo kinachomwaga maji ya ngama. Kukaa: ikisimama siku chache, vijidudu vinaota ndani. Isafishe kwa maji safi kila ukimaliza, rudia kila siku 5 hadi 7, na ikikaa wiki kadhaa ijazwe dawa ya sodiamu metabaisalfaiti. Machujio ya awali, maikroni 20 kisha 5, beba angalau 12 ya kila aina. Dakika za kwanza za maji yanayotoka mwaga, pima chumvi, na yakishuka chini ya 500 ppm (sehemu kwa milioni) ndipo yaende tangini.

Turubai la mita za mraba 6 na mvua ya milimita 10 ni lita 60. Acha mvua ya kwanza ioshe chumvi. Hiyo haihitaji umeme wala kipuri.

Dizeli: lita 200, injini ikila lita 3 kwa saa kwa noti 5.5, ni maili 360 hivi. Theluthi ya mwisho si ya kusafiria, ni ya mlangoni na ya kukimbia. Mafuta ya madumu yapite kwenye faneli yenye chujio la kutenga maji.

TangaMoja
Asante fundi. Samaki je? Wengine wanasema ukiweka kipande juani na nzi wakikikataa, au sarafu ya fedha ikibadilika rangi, basi kina sumu.

Bi_Mtepe
Mkuu, usimlishe mtoto kwa kipimo cha nzi wala sarafu. Vyote viwili havitambui siguatera. Sumu hiyo inatoka kwa viumbe vidogo vinavyoishi juu ya mwani wa mwambani. Samaki wadogo wanavila, wakubwa wanawala wadogo, na sumu inarundikana. Haina harufu wala ladha. Haiondoki kwa kupika, kukausha wala kugandisha. Dalili ni kutapika na kuhara, ganzi midomoni na vidoleni, na kitu baridi kuhisiwa kama kinaunguza. Ganzi hiyo inaweza kukaa wiki au miezi.

Mkunga usile kabisa. Tengesi, chewa wakubwa na kolekole wakubwa wa mwambani waache. Hatari hubadilika kutoka mlango hadi mlango, kwa hiyo waulize wenyeji wa kisiwa hichohicho ni samaki gani wanamwacha. Jodari na fulusi waliovuliwa kwenye maji ya kina, mbali na mwamba, hawana shida hiyo, lakini jodari apoe kwenye barafu mara moja: akikaa joto anatengeneza histamini, ambayo ni sumu, na hiyo nayo haiondoki kwa moto.

MlangoWaKusi
Msimu. Kusini mwa ikweta, Pasifiki na Bahari ya Hindi magharibi, vimbunga ni Novemba hadi Aprili. Ndani ya nyuzi 5 kutoka ikweta ni nadra mno, maana mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuvizungusha hapo. Barometa (kipimo cha shinikizo la hewa) ya tropiki ina mdundo wake: inapanda saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, inashuka saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Kwa hiyo linganisha saa na saa ileile, siku kwa siku. Ikiwa hektopaskali 3 chini ya kawaida ya saa hiyo, shuku. Ikifika 5, chukulia kimbunga kipo ndani ya maili 200. Kusini mwa ikweta, ukiutazama upepo usoni, kitovu kiko kushoto kwako na nyuma kidogo.

TangaMoja
La mwisho wakuu. Kutoka. Mlango ukiwa mashariki ya atoli na kisiwa kinachofuata kiko maili 240, nitoke asubuhi mapema?

Bildi
Asubuhi utatoka jua likiwa machoni, huoni kitu. Kutoka ukielekea mashariki ni baada ya saa 6 mchana. Kwa mlango wa mashariki angalia pia upepo wa kawaida unaoingia moja kwa moja mlangoni: maji yanayotoka yatapigana nao, kwa hiyo ngoja yatulie. Ukitoka saa 8 mchana una mwanga wa kutosha kuondoka mwambani, na kufika saa 5 asubuhi ya siku ya tatu ni muda wa saa 45, wastani noti 5.3. Kama chombo hakifikii wastani huo na watoto ndani, panga saa 69 kwa noti 3.5 na tanga dogo, ufike saa ileile kesho yake. Na jioni ya kuamkia safari, zamia uone mnyororo umelala vipi. Kama umezunguka kichwa, ufungue mchana huo huku jua lipo, uhamie kwenye mchanga mtupu karibu na mlango, mlale hapo.